Shaba Isiyoonja Moto

Mabatini, Mwanza
Jioni, kabla hujarudi kutoka Mkolani

Mwanangu Kabula,

Umekwenda Mkolani kumuaga bibi yako, na ninavyomjua mama mkwe wangu, hatakuachia mpaka umalize sato wa pili na ugali wote. Basi nina nafasi. Baba yako nimemwambia akae nje na redio yake, asiniulize naandika nini. Ameshauliza mara mbili.

Habari za chandarua, za kuchemsha maji ya kunywa, za kutomwachia mtu begi lako treni ikisimama Tabora, sitakuandikia. Shangazi zako wamekwambia hayo mpaka yamekuchosha. Mimi nakuandikia habari ya wivu. Katika nyumba hii neno hilo tumelikwepa wiki nyingi, kila mtu analijua na hakuna anayelitaja. Nimeona nilitaje mimi mwenye mali.

Namwonea wivu Dokta Adelina. Namwonea wivu kwa viatu vyake, kwa sauti yake ndogo, kwa jinsi anavyokalia kigoda changu bila kuuliza kama kina mwenyewe. Zaidi ya yote namwonea wivu kwa sababu siku alipokuonyesha ndani ya shaba ulishtuka kwa furaha ukamshika mkono yeye, na mimi nilikuwa nimesimama upande wako wa pili.

Utakumbuka alivyokuja. Nilikuwa navuta waya, wewe umeshika bamba. Akaingia uani na viatu vyeupe katika tope la Mabatini, mvua imetoka kunyesha, akanipa shikamoo. Mimi! Mwanamke tuliyepishana naye labda masika mawili! Nikaitikia marahaba shingo upande, na tangu saa ile nikawa bibi yake bila kupenda. Akasema yeye ni mwalimu wa chuo kikuu Dar es Salaam, anafundisha habari za metali na jinsi zinavyogeuka ndani zikikandamizwa sana, na kwamba amekuja likizo kwa dada yake pale Nyamagana. Sokoni aliona bangili zetu. Akaulizia, akaambiwa wanaovuta shaba kwa mkono wamebaki wachache, mmoja wao ni mwanamke wa Mabatini mwenye mabega ya kuli.

Kazi yetu unaijua kuliko jina lako, lakini nitaiandika hapa, kwa sababu nataka uwe nayo kwa maneno yangu kabla hujapewa yake.

Tunanunua shaba ya mota zilizoungua kwa watu wa vyuma chakavu. Tunaiyeyusha, tunaimwaga kwenye mfereji wa udongo, inatoka fimbo. Fimbo tunaigonga mpaka iwe nyembamba, tunaichonga ncha kwa tupa, tunaipaka mafuta ya ng'ombe, tunaipenyeza kwenye tundu la bamba la chuma. Bamba limeegemea gogo, na wewe umelishika lisicheze. Mimi nimeikamata ile ncha kwa koleo, koleo limefungwa kwenye mkanda wa ngozi kiunoni mwangu, nami natembea kinyumenyume mpaka ukutani kwa jirani. Kisha tundu dogo zaidi, kisha dogo zaidi. Baada ya matundu machache waya unakuwa mkali, unalia kama mlango mbovu. Hapo tunaulaza kwenye makaa mpaka uwe mwekundu, tunauchovya majini, unalainika, tunaendelea. Mwisho unakuwa mwembamba kama uzi, tunauzungushia kwenye nywele za mkia wa ng'ombe, bangili imekuwa. Tuliwauzia wacheza ngoma msimu wa mavuno, na waganga, na mabibi harusi, mpaka biashara ilipofunguliwa na bangili za plastiki zikaanza kumwagwa chini kwa mafungu kama dagaa.

Babu yako aliyenifundisha alisema shaba ni kama ng'ombe wa jembe, ukiivuta bila kuipumzisha inakufa. Moto ndio mapumziko yake. Hivyo ndivyo nilivyomweleza Dokta siku ile, nikiwa najivuna kidogo.

Akasikiliza, kisha akaniuliza, "Na usipoipumzisha, mama?"

"Inakatika."

"Uliwahi kujaribu mpaka mwisho?"

Kabula, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilikutazama wewe nikitaka unisaidie kumcheka. Ulikuwa unatabasamu, lakini hukuwa unanitabasamia mimi. Ilianzia hapo.

Akatupeleka kwenye maabara ya shule uliyosoma, yeye na funguo za kuombaomba kwa mwalimu mkuu. Akakata kipande cha waya wangu uliotoka motoni, mkakisugua kwa msasa, mkabadilisha msasa, mkasugua tena, mpaka kikawa kioo. Akakipaka dawa kali, akakiosha, akakiweka chini ya hadubini. Nilipewa nafasi ya kwanza kwa heshima ya uzee niliopewa juzi. Nikainama nikaona manyasi meusi.

Nikasema, "Naona majani."

"Hizo ni kope zako, mama," akasema kwa upole. Angecheka ningemsamehe.

Nilipojifunza kuinamisha kichwa, nikaona. Niliona udongo wa mbuga wakati wa kiangazi, umepasuka vipande vipande, kila kipande na rangi yake. Hiyo ndiyo shaba. Nimevuta shaba tangu sijavunja ungo, nimeilamba, nimeinusa, imenichoma, na sikujua kwamba haikuwa kitu kimoja bali ni punje zilizobanana. Kisha akaweka kipande cha waya wa kabla ya moto. Punje zilikuwa zimerefuka, zimelaliana, kama nyuzi za mkonge. Hapo ndipo ulipoinama, ukapiga kelele, ukamshika mkono.

Njiani ulinieleza, kwa sababu maneno ya Dokta hayakuniingia. Ulisema kila punje ni kama shamba lenye matuta yake, na shamba la jirani matuta yake yameelekea kwingine. Shaba ikivutwa, ndani yake kuna mtelezo unaokimbia kwa kufuata tuta, na ukifika mpakani unakwama. Kadiri mashamba yalivyo madogo ndivyo mipaka ilivyo mingi, na shaba inakuwa ngumu. Ukiitia motoni mashamba mapya yanazaliwa, na ukiiacha huko sana makubwa yanameza madogo, shaba inalegea. Nikakumbuka nyaya nilizowahi kuziunguza kwa kupiga soga na jirani yetu mama Doto pale ukutani, jinsi zilipopindwa ngozi yake ilivyotoka vipele kama ganda la chungwa. Nilidhani ni shaba mbovu. Nilimtukana sana yule kijana wa chakavu bure.

Ulieleza vizuri, Kabula. Nilitembea kando yako nikiwa na fahari, na chini ya fahari kulikuwa na kidonda. Maana miaka yote ya kushika bamba hukuwahi kunieleza jambo huku macho yanawaka namna ile.

Ikafuata habari ya gereji. Dokta alikuwa na pande la chuma lililokatwa nusu mbili zinazofungwa kwa bolti, ndani lina tundu lenye kiwiko, linaingilia juu, linapinda, linatokea ubavuni. Mkaweka fimbo ya shaba, mkapaka grisi, mkaisukuma kwa ile presi ya kutolea bearing. Mafundi wote waliacha magari wakaja kutazama. Shaba ikapigana, ikatoka upande wa pili, na ilikuwa na unene ule ule iliyoingia nao.

Nikasema kwa sauti, ili nisikike, "Hii kazi gani, ya kumsukuma mtu mlangoni atoke kama alivyoingia?"

Mafundi wakacheka. Wewe hukucheka. Ukaigeuza fimbo ukairudisha tena kwenye tundu, na tena, na tena, mpaka fundi mkuu akasema presi yake itachoka kabla ya shaba yenu. Dokta akanipa fimbo nijaribu kuipinda. Fimbo ya unene ule, ikitoka motoni, naipinda kwa vidole. Ile ilinikatalia.

Tukarudi kwenye hadubini, nikainama nikakuta kijivu kitupu, kama unga wa mtama.

"Punje ziko wapi?" nikauliza.

"Zipo, mama. Zimevunjikavunjika zikazaa nyingine ndogo mno. Hadubini hii haizifikii. Tunajua zipo kwa ugumu wake, na wenzetu wenye mashine kubwa wamezipiga picha."

"Kwa hiyo tunakuamini tu."

Dokta akafungua mdomo ajibu, wewe ukamtangulia. Ukasema, "Nitakwenda kuziona." Ulisema kama mtu anayesema nitakwenda sokoni.

Wakati ule nafasi yako ya ualimu ilikuwa imeshatoka, hapa hapa Mwanza, na Jumamosi ungekuwa unakuja nyumbani kushika bamba. Mimi nilikuwa nimeshapanga hata utalala chumba gani. Dokta alipokuja jioni kuzungumza na baba yako kwamba nafasi ya uhandisi Dar es Salaam bado unaweza kuipata, na kwamba atakuombea ufadhili maana siku hizi serikali inataka wazazi wachangie, baba yako akafurahi kama amerudishwa kazini kiwandani. Mimi nilikuwa napepeta mchele. Niliupepeta mpaka hakukuwa na cha kupepeta.

Na ndipo niliposema lile neno, mbele yake, mbele ya baba yako, na mama Doto akiwa amechungulia ukutani.

"Hiyo fimbo yenu ngumu nitaivuta mimi kwenye bamba la baba yangu. Ikipita matundu yote bila kuonja moto, Kabula aende Dar. Ikikatika, anakwenda ualimu, na Dokta atafute mtoto mwingine."

Baba yako akazima redio. "Mama Kabula, unamchezea mtoto kamari?"

"Sichezi. Najua shaba."

Na kweli nilijua. Kitu kigumu hukatika. Nimekata nyaya ngumu nyingi kuliko siku nilizokwenda kanisani. Nilikuwa na hakika kiasi kwamba usiku ule nililala usingizi wa mtoto.

Jumamosi ile uani kwetu palijaa kama msibani. Nilijifunga mkanda. Ulipaka mafuta, ukapenyeza ncha, ukashika bamba, na hukunitazama usoni. Tundu la kwanza waya ulilia vibaya, watu wakaziba masikio. Nikatembea kinyumenyume mpaka ukutani. La pili. La tatu. Tulifika kwenye lile tundu ambalo waya wangu wote hufia nisipoutia moto, nikauma meno nikingoja niangushwe chali. Ukapita, mgumu, laini kwa nje, unang'aa. Dokta alikuwa amekalia kigoda changu, mikono ameibana katikati ya magoti. Nilipofika ukutani mara ile mgongo wangu ulikuwa umelowa, na si kwa jua.

Yalipobaki matundu mawili nilielewa kwamba utapita.

Sasa naandika jambo unalolijua, na najua kwamba unalijua. Kuna namna ya kuua waya. Babu yako alinionyesha ili nisiifanye. Unarudi mbele nusu hatua, mkanda unalegea kidogo, halafu unajirusha nyuma kwa uzito wako wote. Waya mgumu haupendi mshtuko. Anayetazama hawezi kujua, anaona tu mama mmoja amejikwaa.

Nilifanya hivyo. Mbele ya watu wote, nikiwa na akili zangu timamu, nilirudi nusu hatua nikajirusha. Mkanda uliniingia kiunoni mpaka nikaona giza. Bamba likagonga gogo, na vidole vyako vilikuwa vimelishika. Wewe peke yako katika ua ule ndiye uliyeuona mkono wangu, kwa sababu ulikupitia vidoleni.

Waya haukukatika.

Ukainua uso. Nilingoja ulie, au useme kwa sauti mama amefanya nini. Ningestahili. Ukaurudisha uso chini, ukachota mafuta kwa kidole, ukaupaka waya taratibu pale mdomoni mwa tundu, ukaniambia kwa Kisukuma ili Dokta asielewe, "Vuta tena, mayu."

Nikavuta. Matundu yale mawili ya mwisho niliyavuta vizuri kuliko nilivyowahi kuvuta maishani, hatua moja moja, sikuuruhusu mkanda ulegee hata kidogo. Wanawake wakapiga vigelegele. Baba yako akanikumbatia mbele za watu, jambo ambalo hata siku ya harusi yetu hakulifanya, akasema kwa sauti kwamba Mama Kabula ni mtu wa haki. Nilitamani ardhi ipasuke.

Wakati wa chai nilimuuliza Dokta kwa nini haukukatika. Alifikiri nauliza kwa kupenda elimu. Akaniambia kwamba shaba ikikandamizwa kidogo inakuwa ngumu na inakuwa na kiburi, inakatika upesi, na hapo ndipo tunapokimbilia moto. Lakini ikikandamizwa kupita kiasi, kwa kupindishwa na kurudiwa, punje zinakuwa ndogo na nyingi kiasi kwamba nguvu inayokuja haipati mahali pa kujikusanya. Kila inapogeuka inakuta mpaka, inagawanyika. Hivyo inakuwa ngumu na bado inastahimili. Akasema hata wao wanaosoma hawajalielewa jambo hili lote, ndiyo maana wanataka vijana kama wewe. Nilikuwa natikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, huku nikijua jambo moja ambalo yeye halijui, kwamba alikuwa ananieleza kwa nini nimeshindwa kukudhulumu.

Tangu siku ile hujanitajia jambo lile. Unanisalimia asubuhi, unateka maji, unashika bamba. Nimesubiri unitupie hata neno la utani, hukunitupia. Ndiyo maana naandika, maana nikikwambia ana kwa ana utasema "yameisha, mama," na mimi sitaki yaishe kwa njia ya mkato.

Nimejiuliza yule niliyekuwa namwonea wivu ni nani hasa. Mwanzoni nilisema ni yeye. Ni rahisi kumchukia mwanamke mwenye viatu vyeupe. Lakini wakati wa kuosha vyombo peke yangu nilikumbuka jambo la nyumbani kwetu. Nilipokuwa msichana, mwalimu wetu wa darasa la nne alitembea kwa miguu mpaka kwa baba yangu kumwomba niendelee na shule ya kati. Baba alimsikiliza, akampa togwa, akasema, "Na bamba atashika nani?" Mwalimu akanywa togwa akaenda zake. Na unajua mimi nilijisikiaje? Nilifurahi, Kabula. Niliona mimi ni mtu muhimu, kazi haiendi bila mikono yangu. Furaha ile imenilisha miaka mingi, na sikuwahi kuuliza iligharimu nini.

Kwa hiyo nakuonea wivu wewe. Si vizuri mama kusema hivyo, na ukiliona neno hili usimsomee baba yako. Nakuonea wivu kwamba kuna mtu amevuka tope kwa ajili yako na hakurudi baada ya kunywa togwa. Nakuonea wivu hadubini, hata ile isiyofikia punje. Ningekuwa na umri wako na mtu akaniuliza "uliwahi kujaribu mpaka mwisho?" sijui ningekuwa nani leo. Labda ningekuwa mwanamke wa kuwapa watu wa rika langu shikamoo.

Na nakuonea wivu wa aina nyingine, ule wa mbele. Utarudi likizo na mabega yale yale, kicheko kile kile, nitakupikia samaki na utakula, na ndani utakuwa umevunjwa na kupangwa upya mahali ambapo sikuwepo. Nilizoea kwamba kila kilichokuwa kinakupata kilipita kwangu kwanza. Hata surua uliipata baada ya kuniletea mimi homa ya wasiwasi. Sasa utapata mambo na mimi nitaletewa habari kwa barua, baada ya wiki, yameshapoa.

Ushauri sina mwingi. Huko utakutana na wenzako waliotoka shule zenye maabara zao, walioshika hadubini tangu kidato cha kwanza, ambao baba zao hawakupunguzwa kazini. Utawaonea wivu, wewe ni damu yangu. Ukikujia usijifanye haupo. Mimi nilijifanya haupo, nikauita kujua shaba, nikauita mapenzi ya mama, na nilipokuja kuuona ulikuwa umeshashuka mpaka kiunoni kwenye mkanda. Utaje mapema, hata kwa mtu mmoja, hata kwa kucheka. Mimi nimeutaja leo, nimechelewa, lakini naona mkono umekuwa mwepesi kidogo kuandika.

Bamba nitashika na nani, usijiulize. Mama Doto amesema atajaribu. Atanipigia soga na tutaunguza shaba, hilo najua.

Nimalizie na habari ya leo mchana. Niliwaambia nakwenda sokoni kununua vitunguu. Vitunguu tulikuwa navyo. Nilikwenda Nyamagana kwa dada yake Dokta, nikabisha hodi, akafungua mwenyewe, amevaa kanga, miguu mitupu. Bila viatu ni mfupi kuliko mimi. Nilifurahi, nisiseme uongo.

Akanikaribisha ndani, nikakataa, nikakaa barazani. Nikamwambia nimekuja kumpa kitu. Akatazama mikono yangu.

Nikamwambia habari ya ufagio. Wewe ukianza kuumwa husemi, Kabula. Unafagia. Tangu mdogo. Homa ikikupanda unapatwa na bidii, unashika ufagio, unaimba. Ulipokuwa mtoto wa miaka minne nilikukuta unafagia ua katikati ya jua la saa saba, majirani wanakusifia, mtoto huyu atakuwa mke wa watu. Nikakugusa shingo, nikautupa ufagio, nikakubeba mbio mpaka hospitali, na daktari akasema tungechelewa kidogo tungezungumza mengine. Baba yako hajui mpaka leo, anadhani unapenda usafi. Wewe mwenyewe sidhani kama unajua. Nikamwambia pia kwamba ukikasirika sana unakuwa na adabu, na kwamba akikuona umeanza kumwitikia "ndiyo, Dokta" mara nyingi, ajue amekukosea.

Akachukua kalamu aandike. Nikamwambia aiweke chini, mambo haya yanakaa kichwani.

Akaiweka, akauliza, "Mama Kabula, kwa nini unaniambia mimi?"

Nikamjibu, "Wahenga walisema mchawi mpe mwana kulea."

Alicheka mpaka akajishika mbavu. Halafu akauliza, "Sasa kati yetu mchawi ni nani?"

Niliaga nikaondoka, na nililia kutoka Nyamagana mpaka hapa, watu wakidhani nimefiwa. Miaka yote hii duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua maana ya wewe kushika ufagio, na mtu huyo alikuwa mimi. Nilikuwa nacho peke yangu, nami nimekwenda kwa miguu yangu kukigawa. Inaniuma, Kabula. Nadhani itaniuma muda mrefu.

Basi huko Dar es Salaam, siku utakayoamka kichwa kizito, ukajikuta unafagia chumba cha bweni na kuimba, halafu mtu akaingia akakupokonya ufagio mkononi, usimuulize amejuaje. Mwache akupeleke hospitali.

Mimi mama yako, wa kukuzaa,
Minza